Naomba ushauri: chambo cha karpu maji yakiwa baridi

Habari zenu wavuvi wenzangu. Naomba ushauri kuhusu chambo cha karpu bwawani.

Kipindi cha joto punje za mahindi laini zilinitosha kabisa. Maji yalipopoa, kimya. Wapo, nawaona wakitibua tope, ila ndoana hawaigusi. Najua baridi ikizidi karpu hula kidogo, mmeng'enyo wao hupungua, kwa hiyo nimeacha kumwaga chambo kingi. Sasa natupa punje tano sita tu kuizunguka ndoana.

Nyungunyungu nao nimejaribu: vidagaa wanamaliza kabla karpu hajafika (nimewalisha vya kutosha hao!). Mkate ndio kabisa, unalowa na kuchomoka nikirusha tu.

Nafikiria vile vidonge vigumu vya unga na mayai vinavyochemshwa. Aliyewahi kuvitengeneza, je, kwenye baridi huweka utamu au harufu ya samaki? Na kukifunga chambo kwa uzi nje ya ndoana, ncha ibaki wazi, kunasaidia kweli? Karpu hufyonza kitu na kukitema haraka sana, nahisi hapo ndipo ninapowakosa.