Mtu asiyevutiwa kingono na yeyote: apelekwe hospitali au aachwe alivyo?

Mleta mada:

Wakuu, hili nataka tulijadili kwa uzito wake. Wapo watu wazima, wazima wa mwili na akili, ambao tangu wabalehe hawajawahi kumtazama mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke, wakatamani kulala naye. Wanaitwa waaseksuali. Wakijieleza hujibiwa moja kati ya matatu: unaumwa, uliumizwa utotoni, au hujakutana na anayekufaa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: majibu yote hayo hutolewa haraka mno, na yanawatesa watu wasiomkosea yeyote.

Jambo lenyewe si la juzi. Mtafiti Alfred Kinsey alipochapisha utafiti wake juu ya tabia za kingono za wanaume wa Marekani mwaka 1948, alikuwa na kipimo cha 0 hadi 6 cha kupanga watu kulingana na jinsia inayowavutia. Kuna waliokosa mahali pa kukaa humo, ikabidi awawekee alama yao, X. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Anthony Bogaert wa Kanada alichambua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, akakuta kama asilimia 1 walisema hawajawahi kuhisi mvuto wa kingono kwa mtu yeyote.

Niondoe mkanganyiko mmoja kabla hatujaanza. Mtawa aliyekula kiapo anaweza kuwa na hamu kama mimi na wewe, ila amejizuia. Aseksuali hajizuii chochote, maana hakuna kinachomvuta. Na wengi wao wanapenda: wanamkumbuka mtu hadi usingizi unakata, wanaona wivu, wanataka kuoa na kuolewa. Wengine mapenzi hayo nayo hawana. Wengine mvuto huwajia baada ya kumzoea mtu sana, tena mara chache.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, hapo siungani nawe. Hamu ya tendo la ndoa haipotei bure. Tezi ya shingo ikilegea inashuka. Homoni ya testosteroni ikipungua inashuka. Sonona inaiua, na baadhi ya dawa za sonona zinaimalizia. Ukimwambia mtu "ndivyo ulivyo" ilhali ana ugonjwa unaotibika, umemsaidia nini?

Mleta mada:

Hoja nzito, na sehemu yake naikubali kabisa. Angalia neno ulilotumia lakini: "haipotei". Kinachopotea kilikuwepo. Aliyekuwa na hamu ikaondoka, hasa ghafla au baada ya kuanza dawa, amwone daktari bila kuchelewa. Mimi namzungumzia ambaye haikuwahi kuwepo, na yeye mwenyewe hasumbuki nayo. Madaktari wa akili wa Marekani walilizingatia hilo katika mwongozo wao wa mwaka 2013: mtu anayejitambua kuwa aseksuali, ambaye maisha yake yote hajawa na hamu, hapewi jina la mgonjwa kwa sababu hiyo.

Tena mwili wenyewe mara nyingi hauna hitilafu. Mtafiti Lori Brotto na mwenzake waliwapima wanawake waaseksuali pamoja na wasio waaseksuali, mwaka 2011, na miili yao ikasisimka kingono sawasawa. Wapo pia wanaojichua. Mwili kusisimka ni jambo moja, kumtamani mtu fulani ni jingine.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ndiye mnayemjadili, kwa hiyo niruhusuni niseme.

Tulikuwa tunakaa dirishani na wenzangu baada ya masomo, akipita kijana wanaanza kumchambua. Na mimi nilikuwa namwona. Mabega yake, anavyotembea, shati lilivyomkaa. Nilikubali kabisa kwamba ni mzuri, kisha nikarudi kwenye daftari langu. Wao walibaki na joto fulani nisilolielewa, na kwa muda mrefu niliamini wanatia chumvi ili wasionekane washamba.

Sijawahi kuumizwa na mtu. Ila hata ningeumizwa, mbona ndiyo iwe sababu ya kutoniamini? Wapo waliodhulumiwa utotoni ambao leo wana hamu kama kawaida, na wapo waliodhulumiwa ambao ni waaseksuali. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anavyojijua yeye ni kovu tu ni kumpiga mara ya pili.

Hiyo kauli ya "hujakutana na anayekufaa" ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu kuna watu huichukua kama kazi. Anayekuahidi kwamba atakubadilisha kitandani huku umeshamwambia hutaki, mkimbie. Hiyo haina jina la tiba.

Mchangiaji wa tatu:

Nimesoma kimya kimya hadi hapa. Mimi nimeoa mtu wa hivyo, na sikuambiwa. Miaka mingi nilidhani ana mtu nje. Nikafikiri labda mwili wangu unamchukiza, nikawa naoga mara mbili kabla ya kulala. Wote mnamtetea yeye. Mimi nani ananitetea?

Mleta mada:

Kaka, pole sana. Na swali lako ni la haki, tena naona ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa humu. Anayejijua kuwa hivi ana wajibu wa kumwambia mchumba wake kabla ya ndoa, kwa maneno yasiyo na mafumbo. Hilo silipindishi.

Lakini wangapi wanajijua? Hadi David Jay, aseksuali mwenyewe, alipoanzisha AVEN, jukwaa la waaseksuali kwenye intaneti, mwaka 2001, wengi wa watu hawa hawakuwa wamewahi kukutana na mwenzao hata mmoja. Msichana anaambiwa tangu mdogo kwamba hamu itakuja akishaolewa. Anaolewa, anasubiri, haiji, anaona aibu, ananyamaza. Mumewe naye ananyamaza upande wake wa kitanda. Ukimya uliowaumiza ninyi wawili ulikuwepo kabla hamjafahamiana, na ndiyo maana sitaki mada hii ifungwe kwa kusema tu "nendeni hospitali".

Wapo wanandoa wa namna hii wanaoshiriki tendo kwa hiari kwa sababu ya ukaribu, bila mvuto. Wapo waliokubaliana kuliacha. Wapo walioachana kwa heshima, na hilo nalo si dhambi. Lisilokubalika ni mmoja kudai mwili wa mwenzake kama deni.

Mchangiaji wa tatu:

Bado tunaishi pamoja, na bado nampenda. Nikitaka kumuuliza leo, nianzie wapi?

Mchangiaji wa pili:

Usianze na "kwa nini hunitaki". Swali hilo nimeulizwa na halina jibu, linakufanya uombe radhi tu. Tena usiulize kitandani, wala usiku. Muulize mchana, mkiwa mmekaa tu: ukimkumbatia anajisikiaje, na ni wakati gani anaanza kuwa na wasiwasi. Mimi ningeulizwa hivyo ningejibu papo hapo. Kukumbatiwa napenda sana. Nilikuwa nakwepa kukumbatiwa kwa sababu nilijua kinachotarajiwa kufuata.