Tupeane uzoefu: tabia za kazini kwenu, watu walikuja nazo au kiwanda kiliwafunza?

Habari za humu wadau. Nipo Mtwara, nimepitia viwanda viwili vya kubangua korosho. Kazi ni ile ile, tabia mbingu na ardhi. Cha kwanza tulilipwa kwa kilo basi. Glavu zipo stoo, ila zinapunguza kasi, kwa hiyo kina mama walijipaka majivu viganjani na mafuta makali ya ganda la korosho yakawababua vile vile. Cha pili, ukitoa vipande vingi (korosho zilizovunjika) msimamizi anakuja kukaa na wewe kwenye mashine. Mara nyingi anakuta visu vimelegea, anaviseti. Ikafika watu wanamwita wenyewe. Leteni ya kwenu, si lazima korosho.

Banguo_Newala: Kwetu kipande kilikuwa makato. Kwa hiyo kikipasuka tu, mdomoni! Wakaleta upekuzi getini, wamama wanapapaswa kila jioni mbele ya vijana. Wizi ukazidi, sasa watu wanaiba kwa hasira. Akaja meneja mwingine, akaanza kulipia vipande bei ya chini (vinauzika, waoka keki wanavitaka). Upekuzi ukabaki jina.

Fundi_Lindi: Mimi nilikuwa kiwanda cha plastiki Dar. Idara ikimaliza mwezi bila ajali, sukari kwa kila mtu. Jamaa akabanwa kidole na mashine, tukamwambia aseme kaumia nyumbani. Sukari tulikula. Yeye fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) akaikosa, maana ule mfuko ni wa walioumia kazini.

Mjomba_Masasi: Meneja wetu alianza kupanga foleni na vibarua, ugali dagaa ule ule. Wiki haikuisha mpishi akabadilishwa 😂

Dada_Lukuledi: Mnasifia tu. Minada ikifunguliwa Oktoba, korosho ghafi nyingi inaenda India na Vietnam. Mzigo wa kiwanda ukikata, tunaambiwa kwaherini, mkataba hakuna. Nijitume kwa ajili ya nani?

Mwanzisha uzi: Hapo umesema, dada. Kile cha pili wakifungua wanaanza na majina ya msimu uliopita, ndipo wanachukua wapya. Bila hilo nadhani hata yule msimamizi tungemkwepa. Kwenu wanachukuaje?

Dada_Lukuledi: Getini, saa kumi na moja alfajiri. Mwenye mbavu anaingia.