Naomba ushauri: barua kuhusu dawa za wazee niandike kwa Waziri au Halmashauri?

Mtoto wa Bibi
Wakuu, habari za wakati huu. Mama yangu ana miaka 71 na kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee. Zahanati ya kijijini wanampokea vizuri, wanampima presha, kisha wanamwandikia dawa akanunue dukani kwa kuwa stoo hazipo. Ni muda mrefu sasa. Wazee wenzake kadhaa wameacha kabisa kumeza dawa, na hilo ndilo linaloniuma. Sera ya Afya ya 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza watibiwe bila malipo. Nataka kumwandikia Waziri wa Afya. Nianzeje?

Mzalendo wa Kusini
Pole kwa bi mkubwa. Usianzie kwa Waziri. Zahanati iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na diwani wenu. Peleka kwa mkono masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Bila muhuri huo utazungushwa.

Nuru_K
Nimefanya kazi stoo ya dawa kituo cha afya. Barua ikisema tu "dawa hakuna", jibu ni jepesi: zimeagizwa MSD (Bohari ya Dawa ya serikali), subirini. Uliza jambo linalohitaji maelezo. MSD ilipokosa dawa hizo, je, zilinunuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia vituo dawa ambazo MSD haina? Utaratibu wa mshitiri upo kwa ajili ya hali kama hiyo. Pia kituo kina akaunti yake na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, kwa hiyo ongea nao kabla hujaandika. Ambatisha vivuli vya karatasi alizoandikiwa dawa na risiti za duka. Na tafadhali, usimshambulie mhudumu. Kumwambia mzee akanunue dawa anazostahili kupewa kunamuumiza na yeye.

Shangazi Tanga
Nuru kasema kweli. Ila mimi ningeandika na Wizarani, barua nyingine kabisa, maana hapo unazungumzia sera: kitambulisho kisichokuja na dawa hakijamsaidia mgonjwa wa presha. Iende kwa Katibu Mkuu, ndiye mtendaji mkuu wa wizara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, basi pendekeza wazi jinsi dawa za magonjwa ya kudumu zitakavyowafikia wazee wasiojiweza hadi zahanati. Mbunge naye apate nakala kabla ya Bunge la bajeti, linaloanza Aprili.

Mtoto wa Bibi
Asanteni sana. Wazee wamekubali kutia saini, wasiojua kuandika wataweka dole gumba. Nimeanza hivi: "YAH: UKOSEFU WA DAWA ZA PRESHA KWA WAZEE WENYE MSAMAHA WA MATIBABU. Sisi wazee tumechoka kupuuzwa na ofisi yako..."

Mzalendo wa Kusini
Kichwa kizuri. Hapo kwenye "tumechoka" weka majina ya dawa na miezi zilipokosekana. Malizia kwa kuomba taarifa ya manunuzi ya dawa hizo, ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu, hivyo hesabu kuanzia tarehe ya muhuri.