Seramu za uso za Aldi na Lidl: je, zinaifaa ngozi yetu?

Mgeni wa Leicester
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na huu ni mwaka wangu wa pili Leicester. Tangu baridi ianze, ngozi ya uso wangu imekauka kwa sababu hita huwaka nyumbani mchana na usiku, na madoa meusi yaliyoachwa na chunusi yamekataa kuondoka. Duka la dawa la mtaani kwetu linauza seramu, yale majimaji ya kupaka usoni kabla ya krimu, kwa zaidi ya pauni 30, lakini nikienda supamaketi ya Aldi kununua mchele naikuta seramu yao ya Lacura, na Lidl naikuta yao ya Cien, zote kwa bei isiyofika hata pauni 10. Naomba mnijuze mliozitumia: je, zina viungo vilevile, au nitatupa fedha zangu?

Mchanganya Dawa
Dada yangu, bei haisemi mengi. Geuza boksi usome nyuma. Sheria ya vipodozi ya Uingereza, kama ile ya Umoja wa Ulaya, humlazimu mtengenezaji kuorodhesha viungo kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, isipokuwa vile visivyofika 1%, ambavyo anaweza kuvipanga apendavyo mwishoni. Basi litafute neno Phenoxyethanol, kihifadhi kisichoruhusiwa kuzidi 1%: chochote kilichoandikwa baada yake, nacho hakizidi 1%. Kwa asidi ya hayaluroniki, ambayo mara nyingi huandikwa Sodium Hyaluronate, hilo halina neno, kwani kidogo tu chatosha kushika maji, na hapo chupa ya bei ndogo haina sababu ya kushindwa na ya bei kubwa, mradi uipake uso ukiwa bado na unyevu kisha ufunike kwa krimu. Madoa ndiyo yanayotaka niasinamidi, aina ya vitamini B3, na ukiikuta mkiani mwa orodha usitarajie makubwa. Vitamini C, kwa upande wangu, siinunui ikiwa katika chupa inayoonyesha ndani, maana mwanga na hewa huiharibu. Ikishageuka rangi ya chai ya mkandaa, itupe.

Binti Kilindini
Naongeza yaliyonipata. Mwaka jana nilinunua seramu katika duka moja la bei nafuu, ambalo sitalitaja, nikaipaka usiku huohuo uso mzima. Kulipokucha mashavu yalikuwa yakiwasha kama niliyeshikia pilipili, na kwa kuwa ngozi yetu ikichokozwa huacha weusi, nikaishia na madoa mapya matatu juu ya yale niliyotaka kuyafuta. Nyuma ya boksi palikuwa na neno Parfum, yaani manukato, nami sikuwa nimelisoma. Siku hizi huwa najaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku kadhaa. Fedha ninazookoa kwenye seramu hununulia losheni ya kuzuia jua, kwani pasipo hiyo madoa hukolea tena, ingawa zile zenye zinki nyingi hutuacha weupe kama tuliotoka kusaga unga.

Baba Latifa wa Dortmund
Shemeji zangu, mimi hutumwa dukani tu. Mke wangu ndiye mpakaji. Tulichojifunza huku Ujerumani ni kwamba baadhi ya seramu za maduka haya huletwa kama bidhaa za msimu, na zikimalizika rafuni hazirudi, ilhali niasinamidi hutaka wiki 8 hadi 12 kabla ya mtu kuona tofauti. Mara moja tulikatiziwa njiani chupa ilipoisha, tukaanza upya na nyingine. Nunueni mbili siku hiyohiyo, au chagueni ile inayokaa rafuni mwaka mzima. Na kama kuna mjamzito nyumbani, yenye retinoli, aina ya vitamini A, iwekwe kando.

Mgeni wa Leicester
Nawashukuru sana. Nimezitoa chupa zangu mbili kabatini nikazisoma chini ya taa ya jikoni. Katika ya kwanza niasinamidi ni ya tatu, baada ya maji na gliserini, lakini mwishoni kabisa lipo neno Parfum, kwa hiyo leo usiku nimeipaka nyuma ya sikio la kushoto tu. Ya pili ni vitamini C niliyoiacha dirishani tangu mwezi wa tisa, na rangi yake, Mchanganya Dawa, ni hiyohiyo uliyoitaja.