Setilaiti inajuaje kuwa hili ni jivu na si wingu?

MchimbaShimo, Isongole
Shikamooni wakubwa. Juzi tunachimba shimo la choo, usawa wa kiuno chini ya udongo mweusi tukakuta tabaka la vijiwe vyepesi kama maandazi. Kimoja nikakitupia kwenye ndoo, kikaelea! Jirani anasema ni matapishi ya mlima Rungwe.

Nikakumbuka Novemba 2025, volkano ya Hayli Gubbi ya Ethiopia ilipolipuka na majivu yakafika hadi India. Shemeji alikwama uwanja wa ndege Delhi, akaambiwa tu "setilaiti imeona". Imeonaje? Kwetu huku ukungu wa Julai hata ng'ombe wa jirani simwoni.

KiaziMviringo
Shimo la choo limekufikisha Delhi 😂

MpimaMvua
Haitazami weupe, kijana. Inapima joto linalopanda kutoka chini kwa mawimbi mawili ya infraredi, yaani miali ya joto isiyoonekana kwa macho, ya urefu wa mikrometa 11 na 12. Barafu na matone ya maji hunyonya zaidi lile la 12, jivu hunyonya zaidi la 11. Toa la 12 kwenye la 11. Ikija hasi, shuku jivu. Jivu likilowa au likifunikwa na wingu zito, hesabu inadanganya, kwa hiyo picha moja mimi siiapii.

MchimbaShimo
Sawa mzee, lakini kuona si kutabiri. Kesho litakuwa wapi?

MpimaMvua
Hapo ndipo penye kazi. Upepo unajulikana, kisichojulikana ni mlima umetoa jivu kiasi gani na limepanda hadi wapi. Basi wanaiendesha modeli, yaani hesabu ya kompyuta ya jinsi upepo unavyobeba jivu, kwa vimo tofauti, kila kimo wanakilinganisha na picha. Umewahi kutazama tanuru la matofali? Moshi wa chini unakwenda kwa jirani, wa juu unageukia mlimani. Vivyo hivyo umbo la wingu linasema jivu limetoka kimo gani. Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, zinaleta picha mpya kila baada ya dakika 15 au pungufu, unasahihisha huku unakwenda.

Mwaka 2010, Eyjafjallajökull ya Iceland ilipolipuka, kanuni ilikuwa jivu lolote lile, usiruke. Anga kubwa la Ulaya likafungwa karibu wiki. Ndipo wakaanza kuhesabu miligramu za jivu kwa kila mita ya ujazo, na hapo kisio baya la mwanzo la jivu lililotoka mlimani linakuumbua.

KiaziMviringo
Na vijiwe vya choo?

MpimaMvua
Yaelekea ni vya mlipuko wa Rungwe, miaka kama 4,000 iliyopita. Tabaka lina sentimita ngapi? Pima kabla hamjajengea.

MchimbaShimo
Ndaga fijo, mzee. Upande mmoja fundi ameshajengea. Uliobaki napima kesho asubuhi, kabla hajafika.