Tupeane uzoefu: mwenzako wa darasani akikupa hadithi yake ya kuchekesha uisome, unamwambiaje?

Wadau, naanza mimi. Tukiwa kidato cha tatu hapa Mtwara, rafiki yangu aliandika hadithi fupi kwenye daftari la mazoezi. Vijana wawili wanawahi harusi Msangamkuu. Mmoja kaazima viatu vya kaka yake, vinampwaya, na wakati wa kupanda pantoni kimoja kinatumbukia baharini. Anaingia harusini na kiatu kimoja, anadai ndiyo mtindo mpya. Pilau linapofika, wenzake watatu nao wamevua kimoja kimoja.

Nilicheka usiku ule hadi mama akaniuliza kulikoni. Kesho yake nikamjibu kama najibu mtihani: "Dhamira haionekani. Ujumbe kwa jamii ni upi?" Akalikunja daftari akaondoka. Kwamba nilicheka, sikumwambia. Linaniuma mpaka leo. Wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji, Masasi
Pole mkuu. Mimi nilikuwa mwandishi. Ilikuwa hadithi ya wasichana watatu waliokubaliana kumnunia mvulana mmoja msimu mzima wa korosho. Mwenzangu aliisoma na penseli mkononi: akicheka anaweka tiki pembeni, akipotea anaweka alama ya kuuliza. Basi. Ukurasa wa pili haukuwa na tiki hata moja, maana nilikuwa naeleza ukoo wa kila msichana. Niliufuta wote, wala sikuumia.

Mchangiaji, Lindi mjini
Kwangu dawa ilikuwa kusoma kwa sauti. Kijana wa miaka 15 kwenye hadithi anamwambia mwenzake: "Ewe sahibu yangu, nikirimu andazi." Nikamwambia mwandishi, hebu niombe wewe. Akasema, "Oya, nimegee andazi." Akacheka mwenyewe, akabadilisha palepale.

Mchangiaji, Mikindani
Naomba nigusie pagumu. Hadithi ya mwenzetu ilikuwa tamu, ila mzaha mmoja ulimcheka msichana mwenye kigugumizi, na darasani tulikuwa naye mmoja. Nilimvuta mwandishi pembeni, si mbele za watu. Nikaanza na pale nilipocheka kweli, paka alipoondoka na samaki changu wa mgeni. Kisha nikamuuliza: huyu dada akiisoma, atacheka na sisi? Alinyamaza sana. Baada ya siku mbili alinirudishia daftari. Sasa msichana wa kigugumizi ndiye anayewatania wengine, na maneno yake yanavyochelewa, ndivyo unavyozidi kusubiri kwa hamu atakachosema. Ule ukawa mzaha bora kuliko yote mle ndani.

Mwanzisha mada
Dada wa Mikindani, asante sana. Na ile ya tiki nimeichukua, kesho naanza nayo kwa mdogo wangu. Rafiki yangu yuko Nachingwea siku hizi, namba yake ninayo. Nampigia leo usiku nimwambie kuhusu kile kiatu.