Baiskeli kwenye vinjia vya kale vya milima ya Hispania: ziruhusiwe au zipigwe marufuku?

Mleta mada, Huesca

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo huku niliko linazungumzwa baa, linazungumzwa kwenye vikao vya halmashauri, na limeshawanunisha majirani. Baiskeli za mlimani ziruhusiwe kupita kwenye vinjia vya kale vya vijijini Hispania, vile vinavyopita kwenye ngome, madaraja ya mawe na makanisa ya zama za kati? Au vibaki vya waenda kwa miguu na mifugo peke yao? Upande wangu nautaja mapema: ziruhusiwe, kwa masharti makali.

Kwa asiyepajua, mkoa wa Huesca uko kaskazini, umeegemea milima ya Pirenei. Ndani yake kuna wilaya ya Sobrarbe, yenye watu takriban 7,500 waliotapakaa kwenye eneo linalozidi kilomita za mraba 2,200. Mji wake wa kale, Aínsa, umekaa juu ya kilima, una uwanja mpana wenye matao ya mawe, na ngome upande mmoja. Chini mito miwili inakutana, Cinca na Ara, na pande zote ni vilima na misitu. Humo ndimo vilimo vinjia ninavyovisema. Vilikanyagwa na watu na nyumbu wao kwa mamia ya miaka, wakienda kinuni, shambani, kanisani, au kuposa kijiji cha pili.

Katikati ya karne ya 20 vijana wakafuata viwanda Barcelona na Zaragoza. Wengine hawakuondoka kwa hiari: Jánovas, kijiji kilicho kando ya mto Ara, wakazi wake waliondolewa kupisha bwawa ambalo mwisho wake halikujengwa. Watu walipokwisha, vinjia navyo vikaanza kufa. Vichaka vinaziba, ukuta unabomoka mahali padogo, maji ya mvua yanapata mwanya, na baada ya miaka thelathini umebaki na korongo.

Baadaye waendesha baiskeli wa pale pamoja na wenye hoteli, mikahawa na maduka waliungana wakaanzisha mradi unaoitwa Zona Zero. Wakafyeka, wakaweka vibao, wakachora ramani. Mwaka 2015 na 2018 mashindano ya kimataifa ya enduro, yaani mbio za baiskeli za mlimani, yalifika Aínsa. Leo watu wanakuja na baiskeli zao hata miezi ambayo zamani milango ya hoteli ilikuwa imefungwa.

Nimewahi kwenda siku ya kazi ya kujitolea, na sululu begani. Tulikuwa tunafungua kipande cha njia ambacho ramani mpya hazikionyeshi. Mzee mmoja wa kijijini, umri wake umeshapita themanini, akaja kutuangalia. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akachoma fimbo yake kwenye kichaka, ikagonga jiwe. Tukafyeka pale tukakuta mfereji mdogo wa mawe uliokata njia kwa mshazari, mawe yamepangwa bila saruji, umejaa majani yaliyooza. Kazi yake ni kuyatoa maji njiani kabla hayajapata kasi. Mzee akatuambia alikuwa akipita hapo na nyumbu akipeleka ngano, na kila kijana aliyepita baada ya mvua alitakiwa kuuzibua kwa mguu. Tulipoutoa uchafu ulifanya kazi siku ileile, kwa sababu jioni ilinyesha.

Hiyo ndiyo sababu ya msimamo wangu. Mfereji ule ulikuwa umezikwa kwa sababu hakuna aliyepita, na waliorudi kuufukua walikuwa watu wa baiskeli. Leteni hoja.

Mchangiaji, Barcelona

Mkuu, umeandika vizuri lakini naomba nitofautiane. Unazungumzia mahali penye watu wachache. Njoo Collserola, hifadhi iliyo mgongoni mwa jiji letu. Kule baiskeli haziruhusiwi kwenye njia yenye upana usiofika mita 3, na mwisho wa kasi ni kilomita 20 kwa saa. Kanuni hiyo ina sababu zake. Nimetembea pale na mama yangu aliponitembelea, mtu mzima mwenye goti bovu. Tulipishana na vijana wanne waliokuwa wanashuka, hakuna kengele, hakuna "samahani". Mama aliingia kwenye miiba. Tangu siku ile hakutaka tena kutembea mlimani.

Halafu hamuwezi kusema "masharti makali" bila kusema nani atayasimamia. Sasa kuna baiskeli za umeme. Sheria inaihesabu kuwa baiskeli ya kawaida ikiwa mota haizidi wati 250 na inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Maana yake, mlima uliokuwa unawachuja watu kwa jasho haumchuji mtu tena.

Mchangiaji, Kiteto

Wakuu, mimi ni mfugaji, baiskeli hizo za mashindano nimeziona kwenye picha tu. Nina swali. Hao wa Hispania wana mapalio, yaani njia za kupitishia mifugo? Na kama wanayo, mchungaji akikutana na baiskeli nani anampisha mwenzake? Kwetu palio likishaguswa na jembe limekwenda, ndiyo maana nauliza.

Mleta mada, Huesca

Ndugu wa Kiteto, umeuliza swali ambalo watu wa mjini hawaliulizi, kwa hiyo nikujibu kwa kirefu.

Wanayo, na mengi: mtandao wa mapalio yao unakadiriwa kufika kilomita 125,000. Chanzo chake ni cha kale sana. Mwaka 1273 mfalme Alfonso X aliwapa wafugaji wa ufalme wake wa Castilla chama chenye nguvu, kinaitwa Mesta, kilichodumu hadi 1836. Kondoo walikuwa wakishuka kusini kila majira ya baridi na kupanda milimani kiangazi, na njia zao zililindwa dhidi ya mkulima. Palio kubwa kabisa, cañada, lina upana wa hadi mita 75. La kati, cordel, mita 37.5. Dogo, vereda, mita 20. Huku kwetu Aragón, jimbo lenye mkoa wa Huesca, wanaliita cabañera.

Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1995, namba 3. Inasema mapalio ni mali ya umma na hayauzwi. Inaruhusu kutembea, kupanda farasi na vyombo visivyo na mota, lakini kwa sharti moja: msafara wa mifugo utangulie. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba mwenye baiskeli ndiye anayepisha. Na kule Madrid, kila mwaka majira ya vuli, kondoo hupitishwa katikati ya jiji, na wachungaji hulipa maravedí 50, sarafu za kale, kwa kila kondoo elfu, kiwango kilichokubaliwa mwaka 1418. Ni malipo ya heshima tu siku hizi, lakini haki yenyewe ni ya kweli.

Kwenye maandishi, basi, mambo ni safi. Uwanjani nimeona mwendesha baiskeli akitokea kwenye kona, kondoo wakagawanyika makundi mawili, na mbwa wa kulinda, mastini, akasimama katikati ya njia. Mchungaji alipoteza karibu saa nzima kuwakusanya. Yule mtu aliomba radhi akaenda zake. Kwa maoni yangu alipaswa kushuka, kuegesha baiskeli, na kusaidia hadi kondoo wa mwisho.

Mchangiaji, Madrid

Naunga mkono hoja ya kufunga, ila kwa baadhi ya njia tu. Mimi napanda sana Guadarrama, safu iliyo kaskazini mwa Madrid, ambayo tangu 2013 sehemu yake ni hifadhi ya taifa. Juu ya Cercedilla, kwenye bonde la Fuenfría, kuna barabara ya Waroma iliyokuwa inavuka kwenda Segovia. Watu wanashuka pale na baiskeli juu ya mawe yenyewe, breki zimebanwa. Hapohapo kwenye bonde kuna barabara pana ya msituni, wenyewe wanaiita Carretera de la República, inafika palepale juu ambapo barabara ya Waroma inavukia mlima. Mwenye baiskeli anapoteza nini akiifuata hiyo?

Kuna atakayesema mawe mengi yanayoonekana leo ni ya matengenezo ya karne ya 18, enzi za mfalme Felipe V, hivyo siyo ya Waroma. Najua. Karne ya 18 nayo ni kale. Jiwe likishang'oka halijali liliwekwa na nani.

Mchangiaji, Mombasa

Na njia ya mahujaji ya Santiago? Nasikia baiskeli zinaruhusiwa kule.

Mchangiaji, Madrid

Zinaruhusiwa, na hujaji wa baiskeli anapewa cheti chake akikamilisha angalau kilomita 200 za mwisho, wa miguu 100. Lakini mteremko wa kutoka Msalaba wa Chuma, juu ya Foncebadón, kwenda El Acebo na Molinaseca si wa mchezo, ni mawe matupu. Pale El Acebo kuna kumbukumbu yenye umbo la baiskeli, ya hujaji aliyefia safarini. Wengi wenye busara wanashuka kwa barabara ya lami.

Mleta mada, Huesca

Ndugu wa Madrid, kwenye Fuenfría umenishinda na nakubali bila kuzunguka. Palipo na njia pana pembeni, mawe ya kale yaachwe yapumzike. Ningeongeza na ngazi za ndani ya miji: Aínsa yenyewe, ukishafika langoni, shuka usukume.

Dada wa Barcelona, pole kwa mama. Hilo la kumtia mtu mzima kwenye miiba silitetei. Ila kanuni ya mita 3 ikiletwa huku inaua kila kitu, kwa sababu kinjia cha nyumbu hakina mita 3 popote. Kina mita moja, moja na nusu. Ukikiondolea baiskeli hapa hakitapata waenda kwa miguu badala yake, kitarudi kichakani. Nimetembea vinjia vilivyo nje ya mradi, na kwenye kimoja nilirudi nusu njia, nguo zimechanika.

Umeuliza nani atasimamia. Mimi nataka hivi: njia ifungwe siku za mvua kubwa na siku zinazofuata, maana tairi kwenye tope linachimba mfereji ambao maji yataufuata mwaka mzima. Tarehe za mifugo kupita zibandikwe kwenye mikahawa na maduka ya baiskeli, na siku hizo hakuna kushuka. Wanaokodisha baiskeli na kuongoza wageni watoe siku za kazi. Fedha peke yake sikubaliani nayo, kwa sababu fedha haizibui mfereji. Na hapa nakiri udhaifu wa upande wangu: kati ya watu ninaokutana nao wakishuka kwa furaha, wengi hawajawahi kushika sululu. Tukiendelea hivyo, wanaotaka kufunga watakuwa na haki.

Mchangiaji, Kiteto

Tarehe za mifugo kubandikwa, hapo nimekuelewa. Lakini mchungaji naye aulizwe kabla ya ramani kuchorwa, asiletewe tangazo.

Mleta mada, Huesca

Kweli kabisa, hilo nalipeleka kwenye kikao kama lilivyo.

Na kwa aliye karibu na Sobrarbe: Jumamosi hii tunarudi kwenye kile kinjia cha mfereji. Mawe matatu yamelegea upande wa chini, inaonekana kuna mtu alibana breki ya nyuma papo hapo. Mzee amesema atakuja kutuonyesha yalivyokuwa yamekaa.